Kupanga ruti ya gari la kuchangia Dar: abiria, foleni na kujaza gesi, vyote kwenye karatasi moja

Wakuu, hii nawaandikia wenye Hiace, Noah na Coaster za mkataba, zile zinabeba wafanyakazi asubuhi kwa kuchangia ya mwezi, mchana zinachukua watoto wa shule, jioni zinarudisha watu Mbezi, Tegeta au Mbagala. Daladala sizungumzii, daladala ruti yake ishapangwa na abiria anaifuata kituoni, huku ni gari ndio inamfuata abiria, kwa hiyo ruti unaitunga mwenyewe na ikiwa mbovu hasara unaila mwenyewe. Na leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa nchi kavu) iwe ya biashara hiyo hiyo unayofanya, tusije tukahangaika na dakika tano tano hapa halafu gari likaenda kulala kituo cha polisi.

Ruti nyingi za hizi gari hazijapangwa na mtu yeyote. Zilianza na watu watano wa mtaa mmoja, akaja wa sita akasema mimi niko hapo ndani kidogo, akaja wa saba wa kwa shangazi yake, kila mmoja akaongezwa pale alipotokea, mwaka ukiisha dereva anazunguka vichochoro na abiria wa kwanza anaamka saa tisa usiku. Mafuta ndio kabisa hayamo kwenye mpango, yanaachiwa mshale, taa ikiwaka dereva anakata kona kuingia sheli na watu kumi wako ndani wanaangalia saa. Sasa ukikaa chini na karatasi, kujaza kunatakiwa kuandikwa kama kituo kingine chochote, kina mahali pake, kina saa yake, kina dakika zake, na saa yake ni pale gari likiwa tupu.

Anza na kukusanya taarifa, na usikusanye kwa mdomo. Kwa kila abiria andika anapandia wapi, anashukia wapi, anatakiwa awe mezani saa ngapi (muda wa kazi kuanza, sio muda anaopenda yeye kufika), na jioni anatoka saa ngapi kweli kweli. Hapo kwenye jioni watu wanadanganya bila kukusudia, anakwambia saa kumi na moja kumbe kila siku bosi anamshika mpaka na nusu. Andika pia viti, na kama kuna mwenye mtoto wa kumshusha shule njiani huyo ni abiria wawili wenye vituo viwili tofauti, usimhesabu mmoja.

Halafu muda wa kusimama. Watu wanapiga hesabu ya kuendesha tu wanasahau kwamba gari likisimama, mlango ukafunguka, dada akaweka begi, akauliza kama kuna chenji, mlango ukafungwa, ukangoja uachiwe nafasi urudi barabarani, hizo ni dakika mbili zimeondoka. Vituo vitano dakika kumi. Ndio maana kuunganisha watu wanne kwenye kituo kimoja cha barabarani kunakupa muda mwingi kuliko dereva mwenye mguu mzito.

Kinachofuata ni jedwali la muda kati ya kituo na kituo. Muda, sio kilomita. Kilomita utazitaka kwenye mafuta, ila asubuhi ya Dar kilomita hazikwambii kitu, Ubungo mpaka Mwenge ni kipande kifupi tu kwa umbali lakini saa moja kamili asubuhi na saa nne ni barabara mbili tofauti. Google Maps ina sehemu ya kuweka saa ya kuondoka, weka siku ya kazi na saa yenyewe, itakupa kitu kama dakika 20 hadi 40, wewe chukua karibu na ile ya juu kwa sababu abiria hakumbuki siku ulizowahi. Kisha mpe dereva kidaftari aandike saa halisi za kupita kila kituo kwa wiki mbili, hizo ndizo namba za kuziamini. Tangu interchange ya Kijazi pale Ubungo ilipofunguliwa 2021 na flyover ya Mfugale pale Tazara 2018, hesabu za zamani za wazee wa barabara hazifanyi kazi tena, foleni imehamia mbele, kwa hiyo dereva akikwambia "hapo huwa nusu saa" muulize ya mwaka gani.

Tengeneza jedwali mbili, ya asubuhi na ya jioni. Usigeuze ya asubuhi ukaisoma kinyumenyume, haitakubali.

Sasa kuchora ruti yenyewe. Anza mwisho, rudi nyuma. Tuchukue mfano wa Hiace ya watu 12: Mbezi Mwisho wanapanda 4, Temboni 2, Kimara Mwisho 4, Baruti 2. Wanashuka Mwenge 3, Morocco 3, Posta 6. Wa Posta wanaanza kazi saa 2:00 kamili, tunataka kufika 1:50. Tuseme kidaftari kimesema Morocco hadi Posta dakika 30, Mwenge hadi Morocco 20, Ubungo hadi Mwenge 20, Baruti hadi Ubungo 12, Kimara hadi Baruti 10, Temboni hadi Kimara 10, Mbezi hadi Temboni 8. Jumla dakika 110 za kuendesha. Vituo vya katikati ni vitano, dakika mbili mbili, 10. Jumla masaa mawili, kwa hiyo Mbezi gari linaondoka 11:50 alfajiri, Temboni linaondoka 12:00, Kimara 12:12, Baruti 12:24, Mwenge linafika 12:56, Morocco 1:18, Posta 1:50.

Hizo saa ndio unazowapa abiria, zile za 12:12 na 12:24 kama zilivyo. Ukimwambia mtu saa kumi na mbili na robo anasikia na ishirini, ukimwambia 12:12 anajua hii gari ina mwenyewe.

Kabla hujaridhika jaribu kusogeza safari nzima nyuma dakika 20. Mara nyingine ukiondoka 11:30 unakuta safari ya dakika 120 imekuwa ya 95, watu wanafika mapema kweli lakini gari limechoma mafuta kidogo na dereva hajagombana na mtu. Mara nyingine haisaidii chochote na umewaamsha watu bure. Hii haijulikani mezani, ni ya kujaribu wiki moja ukiwa umewaambia abiria wenyewe kwamba ni majaribio.

Na swali la pale Ubungo, kunyoosha na Morogoro Road kupitia Magomeni au kukata Sam Nujoma kwenda Mwenge? Hapa ndio unahitaji kipimo ambacho mimi nakiita dakika za watu, yaani dakika zilizoongezeka zidisha na watu wanaoumia. Kwenye mfano wetu nusu ya gari inashuka Mwenge na Morocco, hakuna mjadala, kata Sam Nujoma. Lakini tuseme wa Mwenge wangekuwa 2 na wa Posta 10, na kupitia Mwenge kunaongeza dakika 20: hiyo ni 10 mara 20, dakika 200 za watu, ili kuwaokolea wawili labda dakika 15 za kila mmoja za kudandia daladala pale Ubungo, ambazo jumla ni 30. Hapo unawaambia wale wawili ukweli, unawapunguzia mchango wao wabadilishe gari Ubungo, au unawahamishia kwenye gari la mwenzako anayepita huko. Kubadilishana abiria kati ya wenye magari ni kitu wabongo tunaogopa kama tunaibiwa, ila ndio njia rahisi kuliko zote ya kunyoosha ruti mbili kwa mpigo.

Kipimo hicho hicho ndio unakitumia akija abiria mpya. Kanuni iko hivi: muda wa kutoka kituo kilichopo hadi kwake, jumlisha kutoka kwake hadi kituo kinachofuata, toa ule muda wa zamani wa moja kwa moja. Hiyo ndio nyongeza. Dada anakaa ndani ya Temboni anataka afuatwe getini, kuingia na kutoka kwa ile barabara ya vumbi ni dakika 7. Ukiamua kuondoka Mbezi mapema kwa hizo dakika 7 basi wanaoumia ni wale 4 waliopanda Mbezi peke yao, dakika 28 za watu, wa Kimara na Baruti hawajui hata kilichotokea. Lakini kaka mwingine akitaka ashushwe ndani ya Mikocheni baada ya Mwenge, dakika hizo hizo 7, wakati huo gari lina watu 9, hizo ni 63 na tena watu wenyewe wanachungulia saa. Kwa hiyo asubuhi mchepuko wa mwanzo wa ruti ni wa bei rahisi, mchepuko wa gari likishajaa ni wa bei mbaya. Jioni inageuka, kona za mwisho mwisho wakati wamebaki watatu ndio unaweza kumfikisha mtu mpaka mlangoni. Wengi wanafanya kinyume, asubuhi wanapitia kila ofisi ya Upanga wakiwa wamejaza gari, jioni wanamwaga watu barabarani giza limeingia.

Ukitaka kumjibu dada wa Temboni, mwambie kutoka kwake mpaka barabarani kwa mguu ni dakika ngapi. Kama ni tano na kuna mwanga, aje barabarani. Kama ni alfajiri na njia ina giza na yuko peke yake, mimi ningemfuata getini hata kama hesabu inakataa, karatasi haijui usalama wa mtu.

Weka na kikomo cha abiria kukaa ndani ya gari. Mfano wetu yule wa Mbezi anakaa masaa mawili mpaka Posta, hiyo ni juu kabisa, usikubali mchepuko hata mmoja zaidi bila kuangalia ya kwake inafika ngapi. Wastani wa gari unaweza kuwa mzuri huku mtu mmoja anateseka kimya kimya, na huyo ndiye atahama mwisho wa mwezi.

Haya, mafuta.

Kwanza petroli ya kawaida, hii ni nyepesi. Hiace yenye tenki la lita 70 ikila lita moja kwa kilomita 8 inakwenda zaidi ya kilomita 500. Kama siku yako ni kilomita 100, unatakiwa kujaza mara moja kwa wiki, sana sana mara mbili. Mtindo wa wese la elfu ishirini kila asubuhi unakula dakika nane kumi kila siku, na mara nyingi watu wamo ndani. Kama shida ni kumwamini dereva na pesa, nenda nae mwenyewe jumamosi, jaza, andika kilomita. Bei kikomo za EWURA (mamlaka inayosimamia nishati na maji) zinatoka jumatano ya kwanza ya kila mwezi, kwa hiyo kama dalili zinaonyesha inapanda, tenki lijae jumanne usiku, ikiwa inashuka ingia jumatano na tenki jepesi. Kufuata sheli ya bei nafuu ndio biashara kichaa: tuseme petroli ni 3,000 kwa hesabu rahisi, sheli ya mbali inauza pungufu ya shilingi 30, unajaza lita 50 umeokoa 1,500, umeenda na kurudi kilomita 4 umechoma nusu lita, 1,500. Mmetoka droo na nusu saa imepotea.

Gesi ndio kuna mchezo wenyewe. Gesi asilia inakuja na bomba kutoka Songo Songo na Mtwara, gari zilizofungwa mtungi ni nyingi, vituo ni vichache, unakuta Ubungo, Tazara, njia ya Airport, na kile kituo mama cha TPDC, shirika la petroli la taifa, pale Sam Nujoma jirani na Chuo Kikuu. Foleni ya Bajaji na gari ndogo kila mtu anaijua. Kwa hiyo kwa mwenye gesi kituo cha kujazia ni sehemu ya ruti kwa lazima, umbali wa gari ni mfupi na kujaza kunachukua muda usiotabirika.

Piga hesabu ya umbali kwanza. Kilo moja ya gesi ina nguvu ya kama lita moja na nusu ya petroli, kwa hiyo gari la kilomita 8 kwa lita linaenda kama 12 kwa kilo, weka 11 uwe salama maana una abiria 12 na kiyoyozi. Mtungi wa lita 60 ukijazwa vizuri presha 200 (kwa kipimo cha bar) unaingia kama kilo 10. Nasema ukijazwa vizuri, kwa sababu ukijazwa haraka mtungi unapata joto, presha inafika 200 kabla kilo hazijafika, baada ya nusu saa ukiangalia geji imeshuka yenyewe. Na kituo kikiwa kimehudumia gari nyingi mfululizo presha yao inalegea, unatoka na 160 unadhani umejaza. Kwa hiyo kwenye mpango andika kilo 9, sio 10. Kilo 9 mara 11 ni kilomita 99.

Siku yetu sasa: asubuhi Mbezi hadi Posta kupitia Mwenge kama 28, kutoka Posta kupitia Sam Nujoma mpaka shuleni Sinza 14, kushusha watoto Kimara 14, kurudi tupu Posta 16, jioni Posta hadi Mbezi 28. Jumla 100. Mtungi mmoja kwa siku, umebanwa kabisa. Ila gari nyingi za hapa zimeachwa na petroli pembeni, na injini yenyewe inawaka kwa petroli kwanza halafu inahamia gesi ikishapata moto, kwa hiyo gesi ikiisha hulali njiani, unalipa bei kubwa zaidi tu kwa kilomita zilizobaki. Hii inabadilisha namna ya kupanga: gesi kuisha sio ajali, ni gharama, na gharama unaipima. Petroli ndio isiishe, acha robo tenki muda wote, pampu iliyoko ndani ya tenki inapozwa na petroli hiyo hiyo na ikikauka inaungua.

Gharama yenyewe: tukichukulia petroli 3,000 kwa lita na gesi 1,550 kwa kilo, kilomita 11 kwa petroli ni 4,125, kwa gesi ni 1,550. Kila kilo ya gesi inakuachia 2,575 mfukoni. Hiyo namba iandike ukutani, badilisha bei zikibadilika. Ukiingia foleni kwa ajili ya kilo 9 unaokoa kama 23,000. Ukiingia kwa kilo 3 kwa sababu tu umepita hapo, umeokoa elfu saba na ushee, na foleni haijui kama umekuja kwa tatu au tisa, ni ile ile. Kwa hiyo tupu ndio wakati wa kujaza, lakini tupu ya mtungi ikutane na tupu ya viti. Kwenye kituo cha gesi abiria wote wanashuka wakati wa kujaza, hiyo ni taratibu ya usalama, sasa hebu fikiria unawashusha watu 12 wenye viatu vya ofisi Sam Nujoma saa moja asubuhi wasimame juani. Haifanyiki.

Tazama ile siku tena utafute mahali gari ni tupu. Kuna vipande viwili: Posta hadi shule baada ya saa 2 asubuhi, na Kimara hadi Posta kabla ya jioni. Kipande cha pili kina saa inayokimbia, ukikwama foleni ya gesi watu wa Posta wanakungoja. Cha kwanza kina nafasi kubwa mpaka watoto watoke shule saa 8 mchana, na Sam Nujoma iko njiani kwenda Sinza hivyo mchepuko ni karibu na sifuri. Basi imeshaandikwa: kujaza, Sam Nujoma, kuanzia saa 4 asubuhi, mwisho wa kusubiri saa 7 mchana. Huo mwisho ni muhimu kuliko mwanzo. Dereva akifika saa 7 hajafikia mashine anatoka kwenye foleni, siku hiyo tunakwenda na petroli, hasara elfu ishirini na tatu, tunaishi. Bila hiyo saa ya kukata tamaa dereva atasema nimebakiza gari nne tu, na watoto wako getini na mlinzi anakupigia simu.

Kama masaa hayo matatu ungeweza kupata tripu ya kukodiwa ya elfu hamsini, basi usiende kwenye gesi siku hiyo, hesabu iko wazi. Na kama gari lako linalala karibu na kituo, mpe dereva posho ajaze usiku, mtungi unapoa, presha inakaa vizuri, asubuhi unaanza na kilo kamili. Swali jingine la kuuliza pale kituoni ni kama gesi yao inatoka kwenye bomba au inaletwa na lori, cha lori kinaweza kukauka mchana wakingoja lori jingine, hicho usikiweke kwenye ruti kama tegemeo la kwanza, kiwe cha akiba.

Kwa gari moja au mbili, karatasi na Excel zinatosha kabisa. Ukifika gari tano na abiria sitini, kichwa hakiwezi, kuna michanganyiko mingi mno. Hapo tumia OR-Tools, ni programu ya bure ya Google ya kupanga ruti, unaiendesha na Python, kijana yeyote anayejua kuandika kodi za kompyuta kidogo anaiweza. Ajabu moja, hii taaluma yote ilianza na wese: mwaka 1959 George Dantzig na John Ramser walikuwa wanapiga hesabu za malori ya kusambaza petroli kwenye sheli. Mambo yanayowakwamisha watu wakianza nayo ni haya nitakayotaja, mengine mtayaona wenyewe.

Inakula namba kamili tu, hakuna desimali, kwa hiyo kilomita geuza mita, kilo geuza gramu, muda weka sekunde. Ukiiambia kwa amri ya AddPickupAndDelivery kwamba huyu anapanda hapa anashuka pale, haijui yenyewe kwamba lazima iwe gari moja na kupanda kutangulie kushuka, hayo unayaongeza wewe mistari miwili, gari la kupandia liwe sawa na la kushukia, muda wa kupanda uwe mdogo kuliko wa kushuka. Bila hayo utapata ruti fupi ya kupendeza ambayo abiria anashuka kabla hajapanda. Hapo hapo ongeza na kikomo chako cha muda wa mtu ndani ya gari.

Gesi unaiweka hivi. Tengeneza kipimo cha gesi kinachopungua kwa kila mita inayotembea, kisishuke chini ya sifuri kisizidi kilo 9. Kila kituo cha gesi kipe nakala kadhaa, kwa sababu programu inakubali kila sehemu itembelewe mara moja tu, gari tano zikitaka kujaza Sam Nujoma unahitaji Sam Nujoma tano. Nakala hizo zifanye hiari kwa AddDisjunction yenye adhabu sifuri, atakayetaka apite asiyetaka asipite. Ruhusu gesi kuongezeka kwenye nakala hizo peke yake, kwingine kote ile nafasi ya kuongezeka, SlackVar, iwe sifuri, la sivyo gari litajijazia gesi lenyewe likiwa Manzese. Muda wa kusimama kituoni weka ule wa foleni ya kweli, sio wa bomba, kama ni dakika 90 andika sekunde 5,400. Na mstari mmoja mtamu kuliko yote: kwenye kila nakala ya kituo, idadi ya abiria wakati wa kufika iwe sifuri. Mstari huo mmoja unamaliza kabisa habari ya kushusha watu sheli.

Kwa kutafuta jibu anza na PARALLEL_CHEAPEST_INSERTION, ambayo ni ile ile kanuni ya dada wa Temboni ila inafanyika kwa gari zote kwa pamoja, kisha GUIDED_LOCAL_SEARCH uipe nusu dakika mpaka dakika mbili. Ikikwambia hakuna jibu, usihangaike na kodi kwanza, angalia kama kuna abiria mwenye saa ambayo haiwezekani, kwa kawaida ni mmoja tu anaziba wote. Jedwali la umbali unaweza kulipata bure kwa OSRM, programu ya kupima umbali wa barabara inayotumia ramani huru ya OpenStreetMap, na Dar ina bahati, kazi ya Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani ya jiji, tangu 2015 imechora mpaka vichochoro. Ila OSRM haijui foleni, itakwambia Kimara Posta ni mteremko. Kilomita chukua kwake, dakika chukua kwenye kidaftari cha dereva.

Jibu likitoka, kabla hujawatumia watu, mpe dereva alisome. Yeye ndiye anajua kona ya U-turn imefungwa, geti la ile kampuni linafunguliwa upande mmoja, kile kituo trafiki hataki gari lisimame. Akikataa kituo muulize sababu, ikiwa ni ya barabara badilisha, ikiwa ni kwamba pale hapati chai, jadilianeni kiume.

Sheria ya kungoja iandikwe kwenye grupu la WhatsApp la gari, dakika mbili kisha linaondoka, na iwe kwa wote hata mama mwenye nyumba. Kwenye mfano wetu kungoja mtu mmoja dakika 5 pale Baruti gari likiwa na watu 11 waliokaa ni karibu lisaa limoja la watu limeliwa. Likifanyika mara mbili kwa wiki ile ruti uliyoipanga haipo tena, iko kwenye karatasi tu.

Rudia hesabu nzima shule zikifunga na zikifungua, maana asubuhi ya likizo Sam Nujoma ni barabara nyingine, na kila watu watatu wakibadilika ndani ya gari. Na uwe na karatasi ya pili ya siku za mvua. Jangwani pakijaa maji Morogoro Road inakatika pale, kila mtu wa Magomeni anamiminika upande wa Kinondoni na Morocco, kwa hiyo hata wewe uliyekata Sam Nujoma zamani unakutana nao mbele. Kwenye karatasi hiyo Mbezi tunaondoka 11:20, kituo cha ndani Temboni hakipo, wote wanakuja lami, na gesi inajazwa jana yake. Uamuzi wa kuitumia anautoa mtu mmoja, saa 10 na nusu alfajiri, ujumbe unaingia kwenye grupu kabla watu hawajaanza kuoga.